Walii Ndani ya Kompyuta

Machomanne, Chake Chake,
Pemba.
Jumatatu, baada ya adhuhuri.

Kwa mdogo wangu Jabir,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naanza kwa kumshukuru Mola aliyenipa pumzi ya kukuandikia, na namuomba barua hii ikukute mzima wewe, mkeo Laila na watoto. Kifua cha mwanao mdogo kimepoa? Mwambie Laila asimwogeshe asubuhi na mapema mpaka kikohozi kikatike. Mimi mwili haujambo. Roho ndiyo iliyobanwa, na habari zake ziko mbele.

Usishangae kupata barua ya karatasi zama hizi. Anakuletea Mzee Burhan wa duka la fotokopi, anakuja Unguja kufuata mzigo wake. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu wewe ndiye usemaye, na mimi huishia kuitikia. Na kuiandika kwenye kompyuta uliyoniletea sikutaka. Kwa nini sikutaka, utaona.

Kwanza ahsante kwa hiyo kompyuta. Ulipoileta siku ya hitima ya marehemu mume wangu Hudhaifa, ukasema dada, eda ni ndefu, angalau upate cha kukuliwaza, nililia mbele za watu na kila aliyekuwepo alikusifu. Bi Mwanamize, shangazi yake marehemu anayekaa nami, alisema ndugu wa namna hii hawazaliwi tena.

Eda wewe unaijua kwa kitabu. Mimi naijua kwa kuta. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba hii, nguo nyeupe, bila manukato, bila kuonana na mwanamume asiye maharimu yangu. Si kwamba naipinga. Hudhaifa alikuwa mume wa kweli na haki yake naitimiza. Lakini nyumba ina chumba, ukumbi na ua, na nikishavimaliza vyote navianza upya. Nawasikia wanawake wakipita kwenda harusini, nami nawatambua kwa mlio wa kandambili zao. Akibisha mtu hodi, kwanza anaulizwa kama ni mwanamke. Uani iko ile keri ya Hudhaifa, kigari chake cha mizigo, imefunikwa turubai, aliyokuwa akipakilia mihogo na ndizi kutoka Kengeja na aliyonipa mbele ya mashahidi kabla hajafa. Nilikuwa nikiitazama kila siku, mpaka siku moja nikajiuliza kwa nini naitazama tu.

Ndipo nilipoanza kuangalia video za kufundisha udereva. Yuko mama mmoja anawafundisha wanawake wenzake taratibu kabisa, klachi, gia, breki, vioo. Nikisha kumtazama natoka uani, najiingiza chini ya turubai, nakaa kwenye usukani na kufanya kama alivyosema, injini imezimwa. Bi Mwanamize akiniuliza nafanya nini, namwambia nafuta vumbi. Gari lile halijapata kufutwa vumbi namna ile tangu litoke Japani.

Sasa sikiliza ajabu. Kila nikianzisha video, kompyuta ilianza kuvuma, feni yake ikihema kama mtu aliyebeba gunia la mbata. Nikisoma Qur'ani humo humo, kimya. Nikiandika, kimya. Nikifungua video tu, inavuma, na picha inakwamakwama. Ningelikuwa si mtu wa eda ningeipeleka kwa fundi. Mafundi ninaowajua mjini wote ni wanaume, na Bi Mwanamize hakukubali hata mmoja asimame nje ya dirisha tuzungumze kwa pazia. Alisema kompyuta haitakufa, ingoje eda ikatike.

Lilikuwepo na jambo jingine ambalo wakati ule sikuliunganisha na hili. Simu zako. Nikitazama udereva, jioni unapiga, na katikati ya maneno unasema siku hizi barabara zimejaa ajali, usukani si kazi ya mwanamke. Nikitazama namna ya kusajili biashara ya kusafirisha mazao, unapiga kunambia mjane hafai kuhangaika na maofisi. Nilikuwa sijamwambia mtu. Nikamhadithia Bi Mwanamize kwamba ndugu yangu hulijua lililo moyoni mwangu kabla sijalisema. Akajibu kwamba damu nzito kuliko maji, na pengine una karama. Nami niliamini, Jabir. Nilikuwa nikijivunia.

Msaada wangu amekuwa Kulsum, binti wa Mzee Burhan. Yeye ni mwanamke, anaingia. Si fundi, anachapa barua za watu dukani kwa baba yake, lakini alinionyesha vitufe vitatu vya kubonyeza kwa pamoja, ikatokea orodha ya kazi zote zinazoendelea ndani ya kompyuta. Akaniachia akarudi dukani, nami nikakaa nayo. Mtu aliyefungwa ndani ana muda. Nilianzisha video ya mtandaoni, na katika orodha ile jina moja lililokuwa limelala likaamka. Nikaifunga video, likalala. Nikaondoa sauti, likaamka vilevile. Nikafungua video ya harusi yetu iliyohifadhiwa humo ndani, halikujisumbua. Hapo nikajua halina shida na picha wala sauti, shida yake ni mtandao. Halafu nikaona lingine pembeni. Video ni kitu cha kupokewa, lakini hili jina lilikuwa linapeleka. Kila video ikianza, linapeleka kitu kidogo nje, kisha linatulia. Linapeleka nini, na kwa nani, hapo nilikwama.

Jina lenyewe lilikuwa Guardian. Kiingereza changu hakikufika huko. Kulsum aliporudi akalitafuta kwenye simu yake, akasoma kwa sauti: mlezi, mlinzi, walii.

Bi Mwanamize alikuwa amejilaza mkekani, kumbe yaliyolala ni macho tu. Aliposikia walii akainuka, akauliza walii gani. Kulsum akamjibu kwamba yumo ndani ya kompyuta na huamka Shadya akifungua video. Ungeliziona mbio za bibi yule! Yeye aliyenikataza hata sabuni ya harufu, alileta chetezo, akatia udi, akakiweka ubavuni mwa kompyuta na kumsomea marehemu Fatiha. Tulipomweleza kwamba hii ni programu tu na pengine tuifute, aling'aka.

"Walii hafukuzwi," alisema. "Walii hutiliwa udi."

Kwake yeye Hudhaifa amekwisha kuwa miongoni mwa vipenzi vya Mungu, na amempelekea mkewe mlinzi. Kabla ya magharibi mtaa wote ulijua. Walikuja wanawake kuitazama, mmoja wao na mtoto anayeshtuka usingizini, ili asogezwe karibu na walii. Nilicheka mpaka nikaona haya, mfiwa mzima.

Miongoni mwa waliokuja alikuwemo Tatu, dada yake Hamad, huyo mshirika wako anayekupokelea mizigo bandarini Wesha. Alikaa, akala tende, akaisifu subira yangu. Alipokuwa anavaa viatu akaniinamia sikioni.

"Usijitaabishe na kujifunza magari, wifi," alisema. "Kwetu siye mke haendeshi. Huendeshwa."

Aliniita wifi. Mtu wa eda haposwi, na hata wanaotupa maneno huyatupa kwa mbali. Lakini lililonigandisha ni hizo habari za magari. Alizipata wapi? Chini ya turubai hakuna aliyeniona ila Bi Mwanamize, naye anajua nafuta vumbi. Aliyejua ninachojifunza ni kompyuta peke yake. Nikarudi chumbani, nikafunga mlango, nikabonyeza juu ya lile jina mpaka likanifungulia dirisha lake. Liliomba neno la siri, nami sinalo. Ila hata mlango uliofungwa huweza kuwa na kibao cha jina la mwenyewe. Nilisoma neno kwa neno, nikiyauliza nisiyoyajua kwenye simu.

Paliandikwa kwamba kompyuta hii iko chini ya uangalizi, na kwamba taarifa ya kila video inayofunguliwa hupelekwa kwa mlezi. Anwani ya mlezi ilikuwa yako, Jabir. Jina la mtoto: Shadya. Umri wa mtoto: miaka tisa.

Sijui kama hiyo miaka tisa uliichagua, au uliikuta hapo ukaiacha. Mimi nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa nakubeba mgongoni kule Wingwi kukupeleka chuo cha Qur'ani, kwa sababu uliwaogopa ng'ombe wa Mzee Kificho. Leo nimezika mume, na kwako mimi ni mtoto wa kuchungwa. Imeniuma. Siku ile nililia kilio ambacho hakikuwa cha Hudhaifa, na walionisikia wakasema huyu alimpenda mumewe. Na mtaa wetu huu, Machomanne, nilikuwa nikidhani ni jina tu.

Najua utakalosema. Baba hayupo, wewe ndiye walii wangu. Ni kweli, na siukatai uwalii wako. Dini imekupa kuisimamia ndoa yangu nikishasema naolewa. Haikukupa kusimama nyuma ya bega langu, wala kumhadithia Hamad ninayoyatazama chumbani mwangu.

Sasa nami nina langu la kukiri. Kulsum aliniuliza tuifute, nikamwambia iache. Alhamisi iliyopita ulipata taarifa ya video ile ile tena na tena. Kompyuta haikuharibika. Ni darsa la shehe, anaeleza kwamba mwari kunyamaza kwake ni ridhaa, ama mwanamke aliyekwisha kuolewa haozwi mpaka atamke kwa ulimi wake. Niliianzisha makusudi, ikiisha nairudisha mwanzo, kisha naenda zangu jikoni. Jioni ile simu yako haikulia. Ndipo nilipojua umeelewa.

Lakini Ijumaa alikuja kijana wa Hamad kutaka kuikagua keri kabla ya kuuzwa, akidai wewe umemruhusu. Bi Mwanamize alimjibu mlangoni kwamba nyumba ina eda. Akaondoka, na alisema atarudi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikisikia gari langu linaulizwa hali, na siwezi kutoka, siwezi kusimama mlangoni, siwezi kwenda kwa sheha wa mtaa. Hilo mmelitia kwenye hesabu, wewe na Hamad.

Basi ulimi wangu haufiki Unguja, nautamka kwa kalamu, na Kulsum na Bi Mwanamize wamesomewa barua hii wawe mashahidi. Hamad simtaki. Keri haiuzwi. Nikinyamaza usiseme nimeridhia, mimi si mwari, wala sina miaka tisa.

Na jingine nikwambie kabla hujaletewa na mtu. Jana niliitoa turubai nikaiwasha. Ilikohoa, ikakubali. Nikakanyaga klachi, nikatia gia, nikasogea mbele mpaka karibu na ukuta, nikarudi nyuma, nikasogea tena. Ua haunipi zaidi ya hapo. Bi Mwanamize alitoka na chetezo chake mkononi, akauliza, "Vumbi hilo, mwanangu, bado halijesha?" Nikamwambia bado kidogo. Akaenda kulitazama komeo la lango la uani, akaniambia limeingia kutu, litiwe mafuta kabla eda haijakatika.

Nisalimie Laila salamu nyingi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Bi Mwanamize anakusalimu, lakini la karama hajalirudia tena. Siku ya kutoka eda njoo, mlango uko wazi kwako kama ulivyokuwa siku zote. Kompyuta yako utaikuta ndani ya mfuko wake, uondoke nayo. Ukija, njoo kama ndugu yangu. Mola akuhifadhi, atuhifadhi sote.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba,

Shadya