Mrija wa Anko Owora

Jumamosi, Malaba

Kumbe alijua!

Leo nimekutana sokoni na anko Owora, jirani yetu wa zamani kule Sop Sop. Mvi tupu. Nilipokuwa na miaka minane nilimpenda hadi nikauficha mrija wake wa kunywea malwa, ile pombe ya ulezi, kwenye paa letu la nyasi, ili aje kuuulizia. Akaja, wiki nzima. Mimi najibu sijauona, shangazi aliyekuwa akinilea anamtolea kiti, wanaongea mpaka giza.

Leo nimemwungamia, aibu tele.

"Mwanangu, niliuona siku ile ile," akasema. "Ulikuwa umechomoza nje."

Njiani nimenuna kama mtoto. Kwa hiyo alikuwa akimfuata shangazi?

Halafu nikakumbuka: paa lile nisingelifikia peke yangu. Shangazi ndiye aliyeniinua.