Ufunguo wa Siri Kwenye Grupu la Darsa

Jumanne

Hujambo, daftari langu? Mimi leo nimejiaibisha, ila alhamdulillahi.

Mpwa wangu Zuhura, anayetunza seva ya ghala letu la korosho, aliniomba ufunguo wa wazi, ule wa kumpa mtu, wa jozi ninayotumia tayari ghalani, ili niingie kwa ssh, yaani kwa mbali, nikiwa nyumbani Magomeni. Nikanakili ule wa siri, ambao hapewi mtu, tena nikautuma kwenye grupu la darsa! Kule maandishi marefu huitikiwa bila kusomwa. "Amin." "Amin, sheikh."

Zuhura, naye yumo humo, akapiga simu. "Mjomba! Mwenye huo anaingia kama wewe, anabadilisha uzito wa korosho za watu kwenye kumbukumbu za ghala!"

"Basi naufuta."

"Haitoshi, wameshaupata."

Tukatengeneza mpya wenye nywila, wa zamani akauondoa kwenye seva. Nikaujaribu ule wa zamani. Nikakataliwa. Sijawahi kumshukuru Mungu hivi kwa kufungiwa mlango.