Madaftari Manne ya Mama

Leo umetimia mwaka, Mama, tangu usinzie kwenye kiti cha dirishani usiamke tena.

Ulikuwa mpole hata kwa mlango. Uliufunga taratibu kwa vidole viwili ili usituamshe, kisha ukawahi maabara. Kazi yako ulinieleza siku moja ukinisuka nywele: DNA kwa kawaida ni nyuzi mbili zilizosokotana, ila kuna mahali uzi mmoja hujikunja na kujikunja hadi kuwa fundo la nyuzi nne. Fundo hilo likikaa mwanzoni mwa jeni, jeni huweza kunyamaza, au kuamka. Uliyatafuta mafundo hayo miaka kumi na tisa.

Mwenzako wa maabara ulimwita Binti Fundo. Mara nyingine ulimwita "mwanangu", na mimi kifungua mimba wako nasikia. Msibani alisimulia ulivyopenda chai isiyo na sukari. Kwetu ulitia vijiko viwili.

Alipokuja kuomba madaftari yako, akisema jaribio lenu la mwisho haliwezi kukamilika bila vipimo vilivyomo, nilimwambia huo ni urithi wa watoto. Akarudi tena. Nikamwambia hayaonekani, nayo yako chini ya kitanda changu. Baba alijua, akanitazama tu.

Kisha nikayasoma yote manne nikitafuta jina langu. Nilikuta viwango vya joto, vipimo vya chumvi na michoro ya mafundo. Basi.

Mwezi uliopita nikampelekea maabara. Aliyapokea kwa mikono miwili, akaketi kwenye stuli yako, akauliza polepole:

"Kuna mahali ameniandika?"

"Hapana," nikamjibu. "Hata sisi hatumo."

Akalia. Mimi, Mama, kwanza nilifurahi kidogo, nisamehe. Halafu nikavuta stuli nyingine nikakaa naye.

Juzi alinipigia simu. Jaribio limekamilika: fundo lilipofunguliwa, jeni iliyokuwa kimya iliamka, kama ulivyosema. Nilimwomba anieleze tena, na tena.

Unakumbukwa na mumeo, binti zako wawili, wajukuu zako watatu, na mdogo wako fundi cherehani. Baba amesisitiza Binti Fundo aandikwe pia. Haya, ameandikwa, mwisho kabisa.

Maadamu tupo, Mama, hutasahaulika.