Roboti ya Kudeki

Kristiana uko wapi? Nina hasira mpaka vidole vinakosea herufi.

Si unajua mimi na Kornel tunachagua roboti ya kusafisha nyumba? Mimi nataka ya kufyonza vumbi, maana hapa Izia kiangazi vumbi linaingia hata ukifunga madirisha. Yeye kakazana na ya kudeki.

Leo nimejua kwa nini.

Natoka kuanua nguo, namsikia sebuleni anaongea kwa video na dada yake wa Dar. Wifi Adela anasema, "Nunua ya kudeki. Mkeo anafagia katikati tu, kudeki hajui. Nilipokuja kwenu soksi zangu zilitoka nyekundu."

SOKSI ZAKE! Nimempikia, nimemfulia, kumbe alikuwa anakagua sakafu yangu!

Na Kornel alifanya nini? Alicheka. Shoga, ALICHEKA. Akasema, "Ndiyo maana nang'ang'ania hiyo, dada. Nikimwambia ukweli atanuna."

Nikaingia. Nikasema, "Wifi, shikamoo."

Kornel akaanza, "Mama Calvin, tulikuwa tunatania tu." Kutania!

Sikupiga kelele. Nilileta ndoo na tambara, nikaweka miguuni pake. Nikamwambia, "Anzia nyuma ya kochi, dada yako aone."

Sasa hivi amepiga magoti, anadeki. Simu yake nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, wifi anamtazama. Alijaribu kukata, nikampigia tena.