Rejeta Nyuma ya Kiti

4 Mei

Shikamoo Ba'mdogo,

Dereva wa lori la nondo ameniambia anakuona kila wiki hapo darajani unachomelea vyuma, umekonda lakini unagomba vilevile. Basi najua u mzima. Sisi huku hatujambo. Mama kifua kilimbana kidogo, sasa kimeachia na sauti imerudi yote, majirani ni mashahidi.

Gari limekwisha. Soma tena kama hukuamini. Uliniachia chesisi tupu na injini ya pikipiki ya marehemu baba imelala sakafuni, ukaenda zako kujenga daraja, ukadhani utarudi uikute imelala palepale. Nimeifunga nyuma ya kiti, mnyororo umekaa, gia zote sita zinaingia. Mimi huyuhuyu niliyeacha shule kidato cha pili. Wenye vyeti wanakuja kuchungulia mlangoni.

Kilichokuwa kimebaki ni ile rejeta ndogo ya kupoza oili. Nayo nimeifunga mbele ya injini, pale ilipokuwa kwenye pikipiki ya baba, hata bolti ni zilezile. Jumamosi ya tarehe 20 vijana wenye magari ya kujiundia tunapanda mlima wa mnara. Nitawalisha vumbi.

Mwanao, fundi mkuu wa sasa

8 Mei

Marahaba.

Mimi mzima. Mpe mama pole ya kifua.

Hiyo rejeta itoe hapo. Ifunge puani mwa gari, mbele kabisa, na usipande mlima wowote kabla hujaihamisha. Usinirudishie barua ya kwa nini na kwa nini kama mtoto wa chekechea. Huku nafanya kazi juu ya maji nimefungwa kamba kiunoni. Nimesema puani.

Na fundi mkuu ni mmoja. Hujawa wewe.

Ba'mdogo wako

13 Mei

Shikamoo, ingawa leo naitoa shingo upande,

Homa hatuna. Hasira ninayo, ya kutosha kugawa.

"Nimesema puani." Hivyo ndivyo ulivyonifundisha tangu siku ya kwanza gerejini: shika hiki, toa kile, nyamaza. Ukiulizwa sababu unang'aka. Sasa nisikilize mimi. Nikiiweka puani, jiwe moja tu la barabarani linaitoboa. Halafu hosi itabidi zipite chini ya miguu yangu zimejaa oili ya moto. Umeona? Mimi natoa sababu, tena bure.

Na gari nimeshalijaribu, mara tatu kuzunguka uwanja wa mpira. Linavuta kama limetukanwa. Kiti kinanipasha mgongo mpaka raha, utadhani nimeandikiwa na daktari.

Lakini hapa si rejeta peke yake. Kila kilichokuwa cha baba, mkono unakuwasha kukigusa. Pikipiki yake uliikata fremu kwa msumeno, nikarudi kutoka dukani nikakuta vipande viwili. Hata hukuniita niiage. Imebaki injini. Mimi sina kingine cha baba, na hiyo nayo unataka kuiamuru bolti kwa bolti ukiwa umening'inia huko. Baba aliiweka rejeta mbele ya injini. Itakaa mbele ya injini.

Mwanao

18 Mei

Mwanangu,

Salamu tutapeana siku nyingine, dereva ananipigia honi.

Unataka sababu, chukua. Injini haina upepo wake, upepo unaletwa na mwendo. Kwenye pikipiki, mbele ya ile rejeta palikuwa na barabara tupu. Kwenye gari hilo, mbele yake umekaa wewe. Hilo joto unalolifurahia mgongoni lilitakiwa lipeperushwe, halina pa kwenda. Oili ikizidi moto inakuwa nyepesi kama maji, haishiki chuma, beringi zinasagika, kranki, ule mhimili wa injini, inakufa. Uwanja wa mpira ni tambarare. Mlimani utaiua.

Halafu fremu. Kaka yangu alifia juu ya pikipiki ile. Mama yako ndiye aliyeniomba niikate kabla hujaanza kuipanda, na akataka usiambiwe. Nikakubali nichukiwe mimi. Injini nilimkatalia. Nilisema hiyo ni ya mtoto, nitaitafutia magurudumu manne. Sasa umejua. Ukitaka kukasirika kasirika na mimi, mama mwache.

Puani.

Ba'mdogo wako

27 Mei

Shikamoo Ba'mdogo,

Mama mzima. Mimi nipo.

Barua yako ilifika Jumatatu. Mlima nilipanda Jumamosi.

Nilikuwa karibu kuongoza, hilo lisisahaulike. Kufika kona ya tatu nilishawapita wote ila mwenye gari jekundu, na yeye nilishamwona mpaka kisogo. Mgongo unaungua. Taa ya oili ikawaka. Niliiona. Nikajiambia nimpite tu huyu mmoja. Ikaanza kugonga, ko, ko, ko, kama mtu aliyefungiwa ndani. Nikazima. Wenzangu wakanivuta kwa kamba mpaka gereji, na hakuna hata mmoja aliyenitania. Ningekuwa mimi ningetania. Hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika.

Sikuandika wiki nzima kwa sababu kila nikishika kalamu naivunja. Maneno yale yote ulikuwa nayo tarehe nane. Mistari mitano. Ungeiandika siku ile, injini ya baba ingekuwa nzima leo. Ukaona mimi ni wa kuamriwa tu, siwezi kuelewa upepo.

Mama nimemuuliza. Hakukana. Alisema, "Ningemwambia aikate tena leo," akaendelea kufua.

Mwanao

31 Mei

Usiguse bolti hata moja.

Taa iliwaka, ukaiona, ukaendelea. Hilo halihusiani na rejeta, hilo ni kichwa chako. Ningekuwa karibu ningekuzaba kofi na ndevu zako hizo tatu.

Ni kweli maneno nilikuwa nayo tarehe nane. Baba yako alinifundisha kazi kwa kunifokea, nikadhani ndio ufundi wenyewe.

Nimeomba ruhusa. Nafika Jumapili ya tarehe 11, na hasira yangu naibeba, usijidanganye. Tutaifungua pamoja. Kranki ikishikwa na mwenye papara haina dawa tena.

Ba'mdogo wako

3 Juni

Shikamoo,

Sote wazima. Barua yako imechelewa. Nimeshafungua.

Usianze kufoka peke yako huko juu, utaanguka majini. Nilitandika shuka mezani (la mama, ameshagomba, imekwisha hiyo) nikapanga kila kipande kwa jinsi kilivyotoka. Siku tatu. Sikuweka redio. Beringi mbili zimelika mpaka shaba inaonekana. Hizo zimekufa, tutatafuta nyingine. Kranki ina mstari mmoja mwembamba. Nimeupitishia ukucha. Ukucha haunasi, maana yake mkwaruzo haujazama. Nimeupitisha mara ishirini, Ba'mdogo, na mama naye nimemwita apitishe wake, na alikubali. Haunasi. Nasema itasuguliwa na itapona.

Rejeta iko puani. Nimeikinga kwa wavu wa waya kwa sababu ya mawe, maana kwenye mawe mimi ndiye niliyekuwa na haki na bado hujakiri.

Sirudishi kitu mpaka ufike. Si kwa amri yako, ni kwa hiari yangu. Njoo upitishe ukucha wako. Ukisema kranki imekufa, utakaa kwenye kiti utanieleza kwa nini, neno kwa neno, mpaka nielewe. Ukinifokea tu, lori la nondo linaondoka Jumatatu asubuhi.

Mwanao