Aliyeuandika Mwongozo

Changamwe, Mombasa

Baba yangu mheshimiwa, na nyinyi nyote mliokaa sebuleni kumsikiliza akisoma,

Pwani imenizoesha, basi nianze kwa shikamoo. Natumaini goti la Mama limepata nafuu na kwamba mvua imeyaachia mahindi nafasi ya kukauka. Mimi ni mzima wa mwili. Kuhusu moyo sina la kusema. Umetulia kama chumba ambacho wapangaji wamekihama.

Mnajua kazi yangu hapa kiwandani ni kuandika miongozo ya mitambo. Husimama kando ya mtambo asubuhi nzima nikitazama mikono ya wanaouendesha, ndipo niandike. Wenzangu huiona kuwa kazi ya kupamba maneno. Katika mwongozo wa tangi la kuchemshia mafuta ya kupikia niliandika: toa mvuke wote kabla ya kufungua mfuniko. Injinia Kioko, mkuu wa mitambo, aliifuta hatua hiyo.

"Dada yangu, hilo nani hajui? Karatasi inakuwa ndefu bure."

"Mgeni hajui, Injinia."

"Wewe tunyooshee Kiswahili tu. Mvuke tuachie sisi."

Wenzake wakacheka, karatasi ikabandikwa ukutani hivyo hivyo.

Wiki iliyopita Mwanajuma, mama wa Bombolulu aliyehamishiwa tangini kutoka upande wa kufungasha, aliifuata karatasi neno kwa neno. Mvuke ulimchoma mkono wa kulia hadi kiwikoni.

Kikaoni meneja aliuliza, "Mwongozo huu aliuandika nani?" Vichwa vyote vilinigeukia. Tangu niajiriwe, hiyo ndiyo siku ya kwanza wenzangu kuniita mwandishi. Nilijibu kwamba niliuandika mimi, nikaeleza hatua iliyofutwa na aliyeifuta. Kioko aliitazama kalamu yake. "Kazi ni ya timu," akasema.

Nimeagizwa nisiandike chochote hadi uongozi uamue kama nitabaki. Nakaa mbele ya meza tupu hadi jioni. Hasira sina, hofu pia sina.

Nilimtembelea Mwanajuma wodini. "Wallahi sikulaumu," alisema. "Lakini ulikuwa ukisimama nasi pale kila siku. Si ungenambia tu kwa mdomo?"

Karatasi ingali ukutani, maana imekatazwa kuguswa hadi uchunguzi uishe. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuketi, mimi hupitia tangini nikamwambia aliye zamuni: mvuke kwanza, ndipo mfuniko. "Twajua, dada," hunijibu. Nami humwambia tena.

Mpeni pole Mama. Msalimieni kaka yangu mkubwa anayewatunza ng'ombe, na shangazi aliyenifunza kusoma. Nawe Baba, wakikuuliza kanisani binti yako anafanya kazi gani, tafadhali usiseme tena kwamba napiga chapa. Hata wakinifukuza, usiseme hivyo.

Ni mimi, binti yako,
Nekesa