Aliyesimama Tuli Pichani

Bwiza, Bujumbura
4 Machi 2001

Yaya Bahizire,

Pokea salamu zetu nyingi, mkubwa wangu. Mimi ni mzima, na mdogo wetu Destin ni mzima kupita kiasi: anakula mpaka sufuria inaomba msamaha. Milio ya risasi tunaisikia upande wa milimani, tumezoea. Na wewe, kile kikohozi cha baridi kimekuachia?

Nina shida ya kikazi. Kule Kajaga, ufukweni, Bwana Massoudi amefungua bustani ya watoto: bembea, treni ndogo, na maneji, ile ya farasi wa mbao wanaozunguka. Maneji bado haizunguki, mota yake ni mbovu, lakini ikipona nitapiga picha pale kila Jumapili. Wewe unafanya kazi hiyo hiyo kwenye bustani kubwa ya michezo huko Ubelgiji, basi usinifiche kitu. Nataka trepie, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Mjini nimeona moja tu, ya plastiki, ukiipumulia inatetemeka. Nichague ya namna gani?

Usijaribu kupiga simu. Laini ya dukani kwa Hamimu imekatwa tangu Noeli.

Mdogo wako,
Huguette

Brussels, 25 Machi 2001

Mdogo wangu Huguette,

Barua yako nimeipata na nimecheka peke yangu ndani ya treni. Kikohozi kimeisha, baridi ndiyo imebaki.

Hiyo ya plastiki iache hapo hapo dukani. Kuna mama wa kanisani kwetu anakuja huko mwezi ujao, nimempa yangu ya zamani. Ni nzito, utanilaani njiani, lakini uzito ndio kazi yake. Miguu inafungwa kwa vibanio, si kwa kuzungusha, maana mchanga ukiingia kwenye zile za kuzungusha zinakwama. Shingo ya katikati usiipandishe hata kama unataka urefu, inacheza. Itundikie mfuko wa mawe chini. Na usiisimamishe watoto wanapopita mbio, watajikwaa. Sisi hapa siku za watu wengi walinzi wanatukataza kabisa.

Sasa siri yenyewe. Maneji ikizunguka, punguza kasi ya kamera mpaka nusu sekunde, ubofye kwa waya usiiguse. Farasi wote wanakuwa gurudumu la rangi, na kinachosimama tuli kinatoka safi. Wazungu hapa wanazigombania picha hizo.

Destin asitoke bila karatasi zake. Mama alimwacha mikononi mwangu, na mikono yangu iko mbali.

Yaya wako,
Bahizire

Bwiza, 16 Mei 2001

Yaya Bahizire,

Habari za huko? Sisi tuko wazima, na mimi leo nina kiburi, univumilie.

Mota ilipona Jumapili hii ya tarehe kumi na tatu. Ilizunguka alasiri moja tu kisha ikafa tena, na Massoudi karibu alie. Lakini nilikuwa nimeshapiga! Angalia picha niliyokuwekea humu ndani. Ule mstari mwekundu ni shati la Destin. Alipanda farasi mmoja na mtoto mdogo aliyekuwa anaogopa, akamshika muda wote. Yule aliyesimama pembeni na viatu vya mtoto mkononi ni baba yake, anaitwa Sylvère. Tazama alivyotoka, hata vifungo vyake unavihesabu.

Trepie yako ni nzito kweli, na nimekulaani kama ulivyosema.

Mdogo wako mwenye furaha,
Huguette

Bwiza, 24 Mei 2001

Yaya,

Sijui nikusalimu vipi. Mimi ni mzima wa mwili. Askari wamemchukua Destin Ijumaa.

Jumapili ile ile, saa kumi alasiri, basi lilishambuliwa kwenye barabara ya kusini na watu walikufa. Mtu mmoja amesema alimwona Destin kati ya washambuliaji. Saa kumi, Yaya, wakati alikuwa juu ya farasi wa mbao! Nilipeleka picha ofisini kwao. Kila mtu Kajaga anajua maneji ilizunguka siku moja tu, kwa hiyo tarehe haina ubishi. Afisa aliigeuza huku na huku, akaniuliza ndugu yangu ni yupi. Nikamwonyesha ule wekundu. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza: "Mama, huyu mutu hana sura. Mi nitaandika nani?"

Ile nakala niliyopeleka nilikuwa nimekata upande wa Sylvère. Nikwambie kwa nini. Sylvère ni askari, wa barieri, kile kizuizi cha njia ya Kajaga. Alasiri ile alikuwa zamuni, akatoroka kwa muda wa saa moja kumleta mtoto wake kwenye maneji, amevaa kiraia. Sasa wanawatafuta wote walioacha zamu siku ya shambulio, na adhabu yake inatisha. Massoudi naye alikuwa ndani na mota, hakuona nani amepanda. Mtu pekee aliyemwangalia Destin mwanzo mpaka mwisho ni Sylvère. Nikimtaja, nimemmaliza. Nisipomtaja, nimemmaliza Destin.

Huguette

Brussels, 8 Juni 2001

Mdogo wangu,

Tangu nipate barua yako sijala vizuri. Pole sana, pole mara mia.

Mimi ndiye niliyekwambia upunguze kasi. Ungepiga kwa kasi ya kawaida, uso wa Destin ungeonekana mpaka meno. Hilo nitalibeba.

Lakini wewe unangoja nini? Peleka picha nzima. Sylvère ana ndugu zake wa kumlilia, Destin ana sisi wawili tu. Usinifundishe huruma wakati mtoto wa mama yetu amelala kwenye saruji. Kumbuka nakala nzima ninayo hata mimi.

Yaya wako,
Bahizire

Brussels, 16 Juni 2001

Huguette,

Bado kimya. Wakili mmoja rafiki yangu, Maître Valéry, anasafiri kuja huko wiki ijayo. Nimempa picha na barua yenye jina la Sylvère, atavipeleka ofisini kwa yule afisa kwa mkono wake. Unichukie baadaye, Destin akishatoka.

Bahizire

Bwiza, Jumanne 19 Juni 2001

Yaya Bahizire,

Salamu. Barua yako ya tarehe nane nimeipata jana. Destin nilimwona kwa dakika chache, amekonda, ameniomba sabuni. Bado yuko hai.

Nisikilize vizuri. Sylvère amekuja hapa studio leo mchana. Alikuwa amesikia habari za Destin. Nilidhani amekuja kutaka filamu, na nilikuwa nimeshaificha. Hakuiulizia. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akasema: "Dada, yule kijana alimushika mutoto wangu mupaka mwisho. Unipe siku tatu, nipeleke Daphrose na mutoto kwa wazazi wake. Ijumaa mi nitaenda kusema mwenyewe."

Daphrose ni mke wake, wanakaa nyumba ya kambi ya jeshi. Akijitokeza mwenyewe, wakubwa wake wanaweza kumpunguzia adhabu. Nimempa siku tatu zake. Namwamini, Yaya. Usifanye kitu chochote.

Mdogo wako,
Huguette

Bwiza, 1 Julai 2001

Yaya Bahizire,

Salamu. Tuko wazima wote wawili.

Destin yuko nyumbani. Mguu mmoja anauburuta kidogo, lakini anakula, na jana alinitania kuhusu mchuzi wangu.

Maître Valéry alifika Jumatano, tarehe ishirini, akaenda moja kwa moja ofisini. Barua yako ya kunijulisha nimeipata baada ya wiki nzima. Alhamisi asubuhi walimfuata Sylvère barierani, wakamvua mkanda mbele ya wenzake. Alisema ukweli wote, na ukweli huo ndio uliomtoa Destin. Lakini imeandikwa kwamba alikamatwa, haikuandikwa kwamba alikuja. Daphrose alikuwa bado anafunga mizigo, wakamtoa kwenye nyumba na mtoto siku hiyo hiyo. Sylvère amepelekwa mahali, hakuna anayetuambia ni wapi.

Ilikuwa imebaki siku moja, Yaya.

Sijui mtu anamkasirikia vipi aliyemrudishia ndugu yake. Nimekasirika hivyo hivyo. Nikimwona Destin mezani nafurahi, kisha furaha yenyewe inanitia aibu. Usiniombe radhi kwa sasa, sitajua niiweke wapi.

Destin ameniuliza nani amemtoa. Nimemwambia Sylvère alikwenda mwenyewe, bila kuitwa na mtu, akasema. Sasa anamsifu kwa kila anayekuja kutupa pole. Ukimwandikia, usimwambie vingine.

Mdogo wako,
Huguette